Kambi ya nyuzi kwa walimu wa sanaa: namna ya kuiandaa Tabora likizo ya Juni

Kila mwaka ikifika Machi, simu zinaanza. "Mwalimu, ile kambi yenu ya nguo na nyuzi mnaifanyaje? Sisi huku Nzega tunataka ya kwetu." Mwingine anauliza kama ni lazima awe na kitanda cha kufumia. Mwingine anataka kujua kama asiyejua kuchora ataruhusiwa. Juzi dada mmoja wa Urambo ameniuliza kwa dakika ishirini kuhusu nta peke yake, na vocha ikamwishia katikati. Nimeona niyaandike yote mara moja.

Kambi ninayoielezea ni ya siku sita, walimu ishirini, likizo ya Juni. Haina mgeni rasmi wala vyeti vya dhahabu. Walimu wa sanaa na stadi za kazi wanakaa pamoja, wanachafua mikono, na wanarudi vituoni na kazi wanayoweza kuirudia. Hilo la mwisho ndilo kipimo changu, na nitalirudia hadi unichoke: kabla ya kuingiza jambo lolote kwenye ratiba, jiulize kama shule zikifunguliwa mwalimu huyu ataweza kulifanya na watoto sabini, ndoo mbili na bajeti ya hewa. Kambi yetu ya kwanza haikuwa na kipimo hicho. Watu waliondoka na vitambaa vizuri sana, vikaenda kuning'inia sebuleni, darasani hakikufika hata kimoja.

Kwa nini Tabora, na kwa nini Juni

Juni mvua zimekatika, hewa ni kavu, nguo inakauka kabla ya chai ya saa nne. Pamba ya Igunga na Nzega iko kwenye mavuno. Nta ya nyuki ipo tele, maana huu ni mkoa wa asali. Miti ya rangi iko nje ya mlango, kuanzia miembe ya mjini mpaka mininga ya porini. Na reli ya kati inagawanyikia hapa, kwa hiyo mwenzako wa Kigoma, wa Mwanza na wa Dodoma wote wanafika bila kuzunguka. Usiku kuna baridi. Waambie waje na blanketi. Wa Dar hawaamini mpaka walale usiku wa kwanza.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa walimu ishirini mimi huandaa hivi:

- Pamba mbegu kilo 5. Ukiichambua unabaki na nyuzi kama theluthi moja ya uzito huo, na zinatosha.
- Kitambaa cha marekani, kile cha pamba kisichopaushwa, mita 30. Bafta inafaa pia. Usikubali chochote chenye mchanganyiko wa polista, hata muuzaji akiapa.
- Vijiti vya mishikaki pakiti mbili na udongo wa mfinyanzi ndoo moja.
- Maboksi magumu ya katoni, uzi wa kushonea magunia, na fulana za mitumba zilizochakaa, kama 20.
- Nta ya nyuki kilo 3 na mishumaa ya kawaida kilo 3.
- Shabu (alum, ile ya kushikisha rangi) nusu kilo, magadi kilo 1, sabuni ya mche.
- Rangi za batiki za maji baridi, pamoja na kostiki (soda kali inayounguza) na haidrosi (unga wa kuyeyushia rangi) zake. Hizi agiza mapema kutoka Dar au Mwanza.
- Ndoo za plastiki kumi, sufuria kubwa tatu ambazo hazitarudi jikoni tena, mzani mdogo, glavu nzito za mpira, barakoa, miwani ya kukinga macho.
- Godoro kuukuu la sponji. Ndiyo, godoro. Utaona.

Bei siandiki. Zinabadilika kabla wino haujakauka.

Hatua kwa hatua

1. Punguza ratiba. Chagua kazi tatu tu: kusokota na kufuma, rangi za miti, na batiki ya nta. Kuna mtu kwenye kamati atakuja na wazo la nne, sijui kudarizi, sijui kushona mikoba ya kitenge. Mshukuru, mwambie mwakani. Kusokota peke yake kunakula siku nzima, na anayeharakishwa kwenye kusokota hasokoti tena maishani.

2. Shughulikia barua mapema. Mwalimu hata akiwa likizo anahitaji ruhusa ya kutoka kituoni. Andika barua kwa afisa elimu mwezi Aprili, nakala kwa wakuu wa shule. Mahali, tafuta shule ya bweni iliyofunga: ina vitanda, jiko la kuni na uwanja wenye kivuli cha mwembe. Hakikisha maji yanatoka, usiambiwe tu kwamba yanatoka. Fungua bomba mwenyewe.

3. Kusanya malighafi kwa njia zake. Pamba izungumzie na chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, cha kijiji husika. Ununuzi wa pamba una utaratibu wake, usijifiche na kiroba usiku kama mlanguzi. Nta nunua kwa wafugaji wa nyuki moja kwa moja, na uchague ya njano. Ile nyeusi ya masega ya zamani huacha doa la kahawia kwenye kitambaa cheupe. Magome chukua kwenye matawi yaliyokatwa au mti ulioanguka. Ukibandua gome kuuzunguka mti mzima umeuua, na kama ni kwenye hifadhi ya misitu utajieleza kwa watu wa TFS, wakala wa misitu.

Waambie pia washiriki kila mmoja aje na nyuzi za kwao. Hili halina gharama na ndilo linaloifungua kambi. Wa Tanga atakuja na katani, wa Iringa na milulu, wa Bagamoyo na ukili, wa Kigoma na ukindu. Mwaka juzi mwalimu mmoja kutoka Unguja alifungua begi akatoa kamba ya usumba aliyoisokota mama yake, na jioni hiyo hakuna aliyelala kabla ya saa sita.

4. Siku ya kwanza, chemsha kitambaa. Wakati watu wanaonyeshana nyuzi, sufuria iwe motoni. Marekani inatoka dukani na wanga na mafuta ya kiwandani. Usipoiondoa, rangi haitaingia, utakaa kulaumu miti. Chemsha kitambaa kwa saa moja na maji mengi, vijiko viwili vya magadi na kipande cha sabuni kilichokwanguliwa. Maji yatabadilika kuwa ya chai ya rangi. Suuza.

Kisha fanya jaribio hili mbele ya wote: kitambaa kikikauka, dondoshea tone la maji. Likikaa juu kama umande kwenye jani la yugwa, rudisha sufuriani. Likinyonywa papo hapo, kiko tayari.

5. Siku ya pili, sokoteni. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maswali mengi yanapotoka.

Kwanza tengenezeni chombo cha kusokotea. Chukua kijiti cha mshikaki, finyanga donge la udongo lenye ukubwa wa limao dogo, likandamize kidogo liwe bapa, lichomeke kijiti katikati, liache kama vidole vitatu kutoka ncha ya chini. Anika tangu jana yake. Likikauka, lizungushe kwenye bakuli la bati kama pia. Likiyumba, kwangua upande mzito kwa kisu. Watu huruka hatua hii ya kukwangua, halafu wanasema mikono yao haina kipaji.

Halafu pamba. Chambueni mbegu kwa vidole, au mviringishe nondo nyembamba juu ya ubao ili mbegu zisukumwe mbele zitoke. Nyuzi zikibaki, zivuteni vute mpaka ziwe nyepesi kama povu, kisha zizungushieni kwenye kijiti kingine na kuchomoa kijiti: unabaki na mshumaa wa pamba ulio wazi katikati. Tengeneza kumi kabla ya kuanza, usije ukakatiza mkono ukishapata mwendo.

Kusokota kwenyewe kunakwenda hivi:

a) Funga kipande cha uzi wa gunia kwenye kijiti juu ya donge, kipandishe mpaka ncha ya juu, kikunje kidogo pale.

b) Weka ncha ya chini kwenye bakuli lililo pajani au sakafuni. Pamba ina nyuzi fupi. Ukining'iniza chombo hewani uzito wake utakata uzi kila sekunde. Bakuli linaubeba uzito.

c) Gusanisha mshumaa wa pamba na ncha ya ule uzi. Zungusha kijiti kwa mkono wa kulia kwa vidole viwili, kama unavyozungusha kijiti cha kuwashia moto. Msokoto utapanda na kuikamata pamba.

d) Vuta mkono wa kushoto nyuma taratibu, ukiiachia pamba kidogo kidogo. Zungusha, vuta. Zungusha, vuta. Usivute bila msokoto, usisokote bila kuvuta.

e) Uzi ukifika urefu wa mkono, zungusha zaidi kidogo kuukaza, kisha uuzungushie kwenye kijiti na uanze tena.

Saa ya kwanza ni ya matusi ya chinichini. Uzi unakatika, pamba inaanguka, mkuu wa idara anatoka nje kupokea simu ambayo haijalia. Baada ya saa mbili hivi kuna kimya kinaingia, nawe ukisikiliza unasikia udongo unavyokwaruza bakuli. Hapo waache. Msiwaite hata chai.

Uzi wa siku ya kwanza ni mnene hapa na mwembamba pale. Chukueni nyuzi mbili za namna hiyo, zisokoteni pamoja kwa kuzungusha upande wa kinyume na ule wa mwanzo. Zinajazana mapengo na uzi unakuwa imara. Mwisho uchemsheni dakika ishirini na magadi kidogo ili msokoto utulie.

Onyo: sufi siyo pamba. Kuna mwaka mwalimu alikuja na kiroba cha sufi ya mito, nyeupe, laini, akagawa kwa furaha. Nyuzi za sufi zinateleza, hazishikani. Tulipoteza asubuhi nzima tukidhani tatizo ni sisi.

6. Siku ya tatu asubuhi, fumeni kwenye boksi. Kitanda cha mfumi hamkihitaji. Kata boksi gumu sentimita 20 kwa 30. Juu na chini kata meno kila nusu sentimita. Pitisha uzi wa gunia kutoka jino la juu hadi la chini, rudi, mpaka uenee: huo ni mtande. Usiukaze hadi boksi lipinde kama upinde wa mshale, wala usiulegeze hadi ucheze. Ukiupiga kidole ulie kidogo.

Mshindio ni uzi wenu wa jana pamoja na fulana za mitumba. Fulana ikate kuizunguka kuanzia chini, utepe wa sentimita mbili usiokatika mpaka ufike kwapani, kisha uvute: utajikunja wenyewe kuwa kamba ya duara. Fulana moja inatosha watoto watatu. Pitisha juu ya mtande mmoja, chini ya unaofuata, unaporudi, geuza. Kandamiza kwa uma wa kulia chakula.

Kosa la kila mtu ni kuvuta mshindio unyooke kabisa. Baada ya mistari kumi kazi imepata kiuno cha nyigu. Dawa yake: kila unapopitisha mshindio, uache umepinda kama kilima kati ya pindo na pindo, halafu ndipo ukandamize. Kile kilima ndicho urefu ambao uzi unauhitaji kupanda na kushuka.

7. Siku ya tatu mchana hadi ya nne, rangi za miti. Usiku wa kuamkia siku hiyo loweka vitambaa vilivyochemshwa kwenye maji ya magome ya mwembe au majani ya chai yaliyokolea. Asubuhi vikamue, viingize kwenye maji ya shabu: kwa kila kilo ya kitambaa kikavu, shabu gramu 150, iliyoyeyushwa kwanza kwenye maji moto. Viache saa moja kwenye joto la kuvuta mvuke, visichemke. Shabu ndiyo inayoshika rangi kwenye pamba. Bila hiyo unapata rangi ya siku mbili.

Kisha andaa rangi nne:

- Majani ya mwembe, uzito mara mbili ya kitambaa. Yachemshe saa moja, chuja. Njano tulivu.
- Maganda makavu ya vitunguu, nusu ya uzito wa kitambaa. Dhahabu inayoelekea rangi ya chungwa. Anza kuyakusanya kwa mama lishe tangu Mei.
- Gome la mninga. Kahawia yenye wekundu. Ukilikata bichi utaona utomvu wake mwekundu kama damu, na hapo ndipo walimu wa sayansi huja kuchungulia.
- Manjano ya pilau. Njano inayopiga kelele.

Ingiza kitambaa kikiwa kimelowa sawasawa, kigeuze geuze, kiache dakika 40 hadi saa nzima, na kama una subira kilale humo mpaka asubuhi.

Sasa mchezo wa kuwapa watoto. Loweka misumari yenye kutu kwenye siki au maji ya ndimu kwa wiki moja kabla. Chukua kitambaa cha mwembe kilichokwisha kukolea, kichovye humo kwa nusu dakika. Njano inageuka kijivu cha mzeituni, hata nyeusi, mbele ya macho. Usizidishe, chuma kingi hulegeza nyuzi na kitambaa huchanika baada ya miezi. Na kitambaa cha manjano ya pilau ukikinyunyizia maji ya magadi kinageuka chekundu, ukikikamulia ndimu kinarudi njano. Watoto wa darasa la tano watafanya hivyo mpaka ndimu ziishe sokoni. Waambie tu ukweli kwamba rangi ya manjano ya pilau haistahimili jua.

8. Pumzikeni Kwihara. Nusu siku ya nne wapelekeni watu Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Msiende kwa ajili ya Livingstone. Nendeni kwa ajili ya nguo. Misafara iliyopita hapa ililipana kwa merikani, ile pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi ya bluu India. Kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya njia hii, na jina la merikani bado mnalitamka dukani kila mnaponunua mita mbili. Burton, msafiri Mwingereza, alipofika hapa mwaka 1857 aliwakuta Wanyamwezi wakifuma pamba yao wenyewe. Jadilianeni chini ya mti kwa nini ufundi ule ulififia. Kisha rudini mle wali.

9. Siku ya tano, batiki. Hapa ndipo pa hatari, soma mara mbili.

Nta: changanya nta ya nyuki na mishumaa nusu kwa nusu. Nta ya nyuki inapinda bila kuvunjika, ya mshumaa inapasuka. Ukipenda ile mistari myembamba kama nyufa za tope, ongeza mishumaa. Yeyushia kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si moja kwa moja juu ya moto. Ikifuka moshi imezidi, iondoe. Ikishika moto, funika kwa mfuniko. Usimwagie maji, moto utaruka.

Kuchapa: kata godoro vipande vya ngumi, chonga umbo kwa wembe (nyota, samaki, jani la mwembe), chovya kwenye nta, kandamiza kwenye kitambaa. Brashi iwe ya manyoya. Ya nailoni itayeyuka. Geuza kitambaa uangalie upande wa pili. Kama nta haijapenya na kung'aa kule, rangi itapita chini yake, na michoro yako itakuwa vivuli.

Rangi: mtu mmoja tu ndiye apime, aliyevaa glavu, barakoa na miwani, nje penye upepo. Kipimo fuata cha rangi uliyonunua, maana zinatofautiana. Utaratibu ni kutia kostiki kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki. Ndoo iwe ya plastiki. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu huku ikitoa gesi inayoshika moto. Maji yapoe kabisa kabla ya kuingiza kitambaa, la sivyo nta yote itabaki ndooni.

Kitambaa kikitoka majini kina rangi nyingine kabisa, bluu hutoka kijani kama ya majani ya mihogo. Kitandaze hewani. Inaanza pembeni, inatambaa, ndani ya dakika chache kijani kimekuwa bluu. Hata niliyeiona mara mia husimama nikaangalia.

Baada ya rangi kukauka, chemsha kitambaa na sabuni. Nta huelea, ikipoa huganda juu kama utando wa maziwa, iokoteni, itatumika mwakani. Mabaki pigieni pasi katikati ya magazeti. Maji ya kostiki zimueni kwa maji mengi, mmwage kwenye shimo mbali na kisima na bustani ya shule. Ikimgusa mtu, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, msimpake mafuta wala dawa ya meno. Jichoni, maji hivyo hivyo, kisha hospitali mara moja.

Kostiki isiingie darasani kwa watoto wa msingi. Siibishanii hiyo. Kwa watoto tumieni uji mzito wa unga wa muhogo badala ya nta: wachore nao, wakaushe juani mpaka ugande, wapake maji baridi ya chai au ya manjano juu yake kwa brashi, wakaushe tena, kisha wabanduebandue uji. Mafundi wa Kiyoruba kule Nigeria wanachora nguo zao za bluu kwa muhogo namna hii hii.

10. Siku ya sita, fundisheni. Gawa walimu vikundi vya watano. Kila kikundi kipewe ndoo mbili, boksi moja, fulana mbili na dakika 40, na watoto wa jirani wa kweli, siyo walimu wenzao wanaojifanya watoto. Waombeni wazazi siku mbili kabla. Mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliniambia, "Mwangaluka, mwalimu. Wanangu wachukue, ila warudi na nguo zao zile zile walizokuja nazo." Kwa hiyo andaeni fulana kuukuu za kuvaa juu. Kitakachoshindikana dakika hizo 40 kiandikeni, ndicho cha kurekebisha kabla ya kuondoka.

Mambo yakienda kombo

*Uzi unakatika kila mara.* Msokoto haujafika. Zungusha zaidi kabla ya kuvuta. Kama unajikunja kama nywele za kipilipili, umezidi. Acha chombo kirudi nyuma kidogo.

*Njano imekuwa ya kaki.* Kuna chuma mahali: sufuria imechubuka, au maji ni ya kisima chenye chuma. Jaribu kwa maji ya mvua au ya bomba.

*Rangi ina mabakamabaka.* Kitambaa kiliingia kikiwa kikavu, au kilirundikana chunguni. Kirudishe, ukigeuze. Kikikataa, kichapeni nta juu na kukitia bluu, hakuna atakayejua.

*Rangi imetoka yote wakati wa kusuuza.* Tone la maji mlilipima? Na shabu? Mara tisa kwa kumi ni moja ya hayo mawili. Ya kumi ni polista.

*Nta imebanduka ndani ya rangi.* Maji yalikuwa ya uvuguvugu, au kitambaa kilikunjwa kikiwa kwenye ndoo. Na msichovye kitambaa chenye nta kwenye chungu cha mwembe kilicho motoni. Kila mwaka kuna anayejaribu.

*Vumbi limeganda kwenye batiki.* Juni upepo unaamka saa tano. Chapeni asubuhi, anikeni kivulini upande wa ukuta.

*Mwalimu anasema hana mkono wa sanaa.* Mpe kazi ya kuchambua pamba karibu na wanaosokota, msimwambie kitu. Kufikia jioni atakuwa ameomba kijiti.

*Sufuria ya mpishi imetumika kwa nta.* Mwagia maji ya moto, futa kwa gazeti, rudia mara tatu. Harufu haitatoka. Mnunulie nyingine kabla hajaanza kupika ugali wa usiku.